Tarehe Ishirini na Saba

Saa kumi na moja jioni.
Kiwanda kinanuka vanila mpaka kwenye ngozi ya mikono,
na mashine yangu ya kuchapia inakohoa hati za mishahara
mia mbili na kumi na nne.
Kazi yangu ni kuzikunja mara mbili, maandishi ndani,
kuzibana pini, kuandika jina nje.
Miaka kumi na mmoja nimekunja.
Mkono ukizoea, jicho husinzia.
Langu, mwezi huu, lilikataa.

Syombua na Gitonga waliingia siku moja,
Jumatatu ya mvua, kwa geti la upande wa Lunga Lunga,
wakapewa aproni za rangi moja na mkanda mmoja:
biskuti zikitoka tanuri, huyu huku, yule kule,
mikono minne, mwendo mmoja.
Kwenye karatasi Gitonga ni "opereta wa mkanda",
Syombua ni "msaidizi, ufungaji".
Biskuti haijui nani kaifunga.
Safu ya tatu inajua.

Kumbe mzizi ni neno tu, nikadhani.
Nikafungua faili, nikakuta mzizi una ndugu.

Siku ya usaili waliulizwa, "Ulikotoka ulilipwa ngapi?"
Syombua akasema kweli, shilingi kwa shilingi,
jinsi alivyolelewa kule Mwingi.
Gitonga akaongeza elfu nne na tabasamu.
Kweli ikapigwa muhuri.
Uongo ukaanza kutaga asilimia kila Aprili.

Aprili moja Syombua alikuwa Pumwani, anajifungua.
Kamati ikakaa. Kumbukumbu zinasema:
"Hakuwepo kutathminiwa."
Hakuwepo! Alikuwa akimleta duniani
mtu atakayekula biskuti zao.
Nyongeza iliyompita siku ile haikurudi kumtafuta;
humpita kila mwezi,
kama mdeni anayevuka barabara akimwona.

Marupurupu ya usiku: safu ya sita.
Ya Gitonga imejaa. Ya Syombua ni kistari.
Mama anayemwangalizia mtoto pale Pipeline
hufunga mlango saa kumi na mbili na nusu;
ukichelewa hatozi pesa, hutoza maneno.
"Si nafasi tuliwapa wote?" aliniuliza Bwana Nyamweya,
meneja, mtu mpole, hajapaza sauti maishani.
Kisha, akikoroga chai:
"Isitoshe, Gitonga ana familia."
Nikaitazama chai ikizunguka.
Syombua ana watatu, na mama, na karo ya mdogo wake.
Neno hilo, familia, likivaa suruali hulipwa;
likivaa leso huomba ruhusa.

Nami je? Msinione hakimu.
Faili ya mhasibu aliyenitangulia bado imo kabatini:
dawati hili hili, kiti hiki chenye gurudumu bovu.
Jana niliifungua. Nikaifunga.
Nikakaa nikisikiliza jenereta.
Nilipoajiriwa niliambiwa, "Tutaangalia mbele,"
nikasema asante.
Hakuna aliyenishika koo niseme asante.
Nilifunzwa kupigania bei ya nyanya, Gikomba, mpaka muuzaji acheke;
bei yangu mimi, hiyo ningeona haya.

Aya ya tisa ya barua zetu zote: "Mshahara ni siri."
Siri ya nani, jamani?
Mficha uchi hazai,
nasi tumefichana karatasi hizi chini ya sidiria na soksi
tukidhani tunalinda heshima.
Tulikuwa tunalilinda pengo lisipate baridi.

King'ora. Viatu vya mpira vinashuka ngazi.
Nimezipanga mezani, penye birika la chai,
wala si kwa herufi:
ya Gitonga kando ya ya Syombua,
kama wanavyosimama kwenye mkanda.
Labda kesho nitaitwa ghorofani.
Pini zimebaki kwenye kikopo.
Mwezi huu sikuzikunja.